Nyuzi Nene za Mume Wangu

Mume wangu aliponiambia anataka gitaa la nyuzi kumi na mbili, nilimuuliza kama zile sita alizonazo ameshazimaliza. Hakucheka. Alinyoosha mkono wake wa kushoto juu ya meza ya chai, akaniambia nitazame. Kidole cha pete na kile cha mwisho havikulala sawa na vingine. Nikavibonyeza kwa kiganja changu vilale, vikakataa. Nimeishi na mtu huyu tangu ujana wetu, nimemtilia chakula mkononi mwake, na jambo hilo sikuliona. Lilinikasirisha hilo kuliko ugonjwa wenyewe.

Tulikwenda kwa daktari. Akasema ni baridi yabisi, na vidole vitazidi kujikunja, polepole, labda kwa mwaka, labda zaidi, Mungu ndiye ajuaye. Dawa za maumivu zipo, alisema, lakini dawa kubwa ni kuvifanyisha kazi kila siku. Akamuuliza ana kazi gani ya mikono. Mume wangu alikuwa mwendesha winchi bandarini na sasa amestaafu, akajibu hana kazi, ila hupiga gitaa. Daktari akamwambia basi piga, piga kila siku maadamu bado waweza. Tulitoka pale mimi nikiwaza dawa, mwenzangu akiwaza gitaa.

Lazima niseme habari ya huo muziki wake, maana bila hiyo mtu ataona tumeingiwa na wazimu uzeeni. Yeye ni mtoto wa Majengo, na ujanani alikuwa akipiga gitaa kwenye harusi za kwao. Alipoajiriwa bandarini, baharia mmoja alimwachia kaseti ya bluzi, ile ya zamani ya Wamarekani weusi, mtu mmoja na gitaa lake tu, hana ngoma wala wapambe. Ndani ya kaseti hiyo mlikuwa na mtu aliyepiga gitaa la nyuzi kumi na mbili. Ukisikiliza, wadhani ni watu wawili wamekaa, mmoja chini anazungumza, mwingine juu anamjibu. Mume wangu aliisikiliza kaseti ile mpaka ikakatika, akaiunga kwa gundi, ikakatika tena. Siku hizi huipata sauti ile kwenye simu. Kila mwaka nikimsikia akisema kwamba sauti ile ataitoa kwa mkono wake kabla hajafa. Baada ya daktari akabadilisha maneno, akawa asema kabla mkono haujafa.

Mimi huo muziki siupendi, nisijidanganye. Naona ni wanaume wanalia mambo ambayo kwetu wangeyapeleka kwa kadhi yakaisha. Lakini marehemu baba yangu alikuwa fundi wa udi, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, hapa hapa Mji wa Kale, na mimi nilikulia katikati ya vumbi la mbao na harufu ya gundi. Alinifunza kutia nyuzi kabla sijajua kusonga ugali. Kwa hiyo mume wangu alipokwenda kutafuta gitaa, nilivaa buibui langu nikamfuata. Singemwacha mtu wa winchi akanunue chombo peke yake.

Dukani mjini walikuwa nalo moja, jipya, linang'aa mpaka wajiona uso. Muuzaji akalisifu sana. Nililigonga tumbo kwa kifundo cha kidole, likanijibu kama nimegonga mlango wa kabati. Rangi ilikuwa nzito, ubao wenyewe wa kugandishwa, na nyuzi zimekaa juu mbali na shingo hata mimi mwenye vidole vizima nilizibonyeza kwa kuuma meno. Mume wangu alijaribu kuzishika, nikaona shavu lake linacheza. Nikamwambia muuzaji ahsante, bwana, tutarudi. Alijua hatutarudi.

Lile tulilolichukua tulilipata Tononoka, kwa mwalimu mmoja mstaafu wa kwaya, Mtaita, mtu mpole sana. Aliachiwa na mgeni wa kanisa lao, na hakuna aliyelipiga kwa muda mrefu kwa sababu vijana wa kwaya wataka kinanda. Lilikuwa kubwa, rangi imefifia, kifuani lina mkwaruzo. Nililinyanyua nikaitazama shingo yake kwa jicho moja toka kichwani hadi tumboni, imenyooka. Nikanusa ndani. Nikaangalia mahali nyuzi zinaposhikwa, na hapo ndipo moyo wangu ulipotulia. Magitaa mengi, nyuzi hushikwa na kibao kilichogundishwa juu ya tumbo. Sasa fikiria nyuzi kumi na mbili zinavuta kibao hicho usiku na mchana, na hewa yetu hii ya chumvi inailegeza gundi. Baba yangu alitengeneza udi nyingi zaidi zilizofumuka kwa unyevu kuliko alizozitunga mwenyewe. Lile la Tononoka nyuzi zake zilipita tu juu ya kibao, zikaenda kushikwa na chuma kilichopigiliwa mwisho kabisa, kitakoni. Nikaligonga. Likaitika vizuri.

Mwalimu akauliza mpigaji ni nani kati yetu. Nikamwambia mpigaji ni huyu, mimi ndiye mchaguzi. Alicheka, akatupa na shuka la kulifunika, tukarudi nalo kwa tuktuk limelala mapajani mwetu.

Sasa nije kwa jirani. Nyumba tunayokaa ni ya baba yangu, na njia yetu ni nyembamba hasa. Ukikaanga samaki, wa ng'ambo anakwambia ni changu au ni tafi. Mkabala na mlango wetu alikaa fundi wa kanzu na mkewe. Fundi alikuwa ameacha cherehani kwa sababu ya macho, lakini darizi za shingoni bado akizifanya kwa mkono, kwa mazoea zaidi kuliko kwa kuona, naye hukaa barazani kwake tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Hapakuwa na lililotokea kwetu asilolisikia. Mkewe ni mtu wa ndani, mtaratibu, haneni mpaka anenewe.

Gitaa lilikuja na nyuzi kuukuu zilizoshika kutu, nikazitoa. Na hapo ndipo nilipofanya mambo ya kwetu. Kwenye udi nyuzi hukaa mbili mbili, na zile mbili ni sawa, unene mmoja, sauti moja. Nilipoliangalia gitaa nikaona uzi mnene umewekwa pamoja na uzi mwembamba, tena mnene na mwembamba, nikasema maskini mwalimu, alikosa nyuzi akatia alichopata. Mume wangu alikuwa msikitini. Nikaenda mjini nikanunua za kulinganisha, nikazitia mbili mbili sawasawa kama nilivyofunzwa, nikazipatanisha mpaka nikaridhika. Nilikuwa nimejifurahia nafsi yangu, wallahi.

Akarudi, akalishika, akapiga. Uso ukamwanguka, lakini hakusema kitu, kwa kuwa mambo ya nyuzi huniogopa. Aliyesema ni fundi, kutoka barazani kwake, bila hata kuinua kichwa kwenye darizi.

"Hiyo imeziba," alisema. "Kuna mmoja amenyamaza humo ndani."

Ndipo mume wangu akanieleza kwa upole, kama amwambiaye mtu kwamba amevaa nguo nyuma mbele, kuwa kwenye gitaa hili jozi nne za chini huwa mnene na mwembamba kwa makusudi. Mwembamba huitoa sauti ile ile ya mwenzake lakini juu, na ndiyo maana mtu husikia wawili wanazungumza. Jozi mbili za mwisho tu ndizo zinazofanana. Mimi nilimnyamazisha yule wa juu. Nilinuna. Nilinuna sana, na fundi aliliona hilo akawa anamtania mume wangu kila akipita, amuuliza kama leo amepewa chai.

Tukatia za dukani basi, seti nzima ya nyuzi kumi na mbili, hata zile nene zake ni nyembamba. Zilikuwa rahisi kununua lakini sauti yake ilikuwa kali, ya bati. Fundi alisema inamchoma sikio. Na ukizikaza mpaka sauti yake ya kawaida, nyuzi kumi na mbili ni mzigo, vidole vya mume wangu vilichoka upesi. Mimi nikashauri tutafute nyembamba zaidi ziwe laini. Yeye akanionyesha kwenye simu wazee wa bluzi walivyokuwa wakifanya, na walifanya kinyume kabisa. Walitia nyuzi nene, kisha wakaishusha sauti yote chini sana, mpaka nyuzi zikaning'inia. Mnene ukiulegeza hauna ukali kwa kidole, na sauti yake hutoka tumboni. Hilo nililielewa palepale, udi nayo hulia chini. Nilimwambia kumbe hao watu wako wana akili, wana makosa kwenye maneno tu.

Lakini nyuzi nene namna hiyo Mombasa hatukuzipata. Tukamwandikia mpwa wangu aliyeko Dubai, akaleta za gitaa la nyuzi sita. Tukamwandikia tena tukampelekea na picha. Ikawa leo, kesho. Mume wangu naye akapunguza kulipiga, kwa sababu alisema sauti ile ya bati inamharibia sikio, na mimi nilikubaliana naye, tena nilimuunga mkono, nikisema chombo kizuri hakipigwi kwa nyuzi za ovyo. Nikiikumbuka miezi ile naumia. Daktari hakusema piga vizuri. Alisema piga. Vidole vyake wakati ule vilikuwa vinaweza, na sisi wawili tulikaa tunachagua, wazee wazima, kama tunaochagua kitambaa cha bibi harusi.

Zikaja hatimaye. Tukazitia alasiri moja sebuleni, dirisha wazi, yeye alishika gitaa mimi nazungusha funguo za kukazia. Tulizipandisha kidogo tu, zikabaki zimelegea kiasi kwamba nilitaka kuongeza, akanishika mkono akasema hapo hapo. Kisha akapiga mara moja, zote kumi na mbili, akaziacha zilie zenyewe.

Nimesema muziki ule siupendi. Siku ile niliusikia hapa kifuani, chini ya koo, nikakaa kitako. Mume wangu alikuwa anatabasamu na machozi yamemlengalenga. Akapiga kidogo, mkono wa kushoto unapanda na kushuka, vile vidole viwili vinachelewa lakini vinafika.

Tukasikia hodi. Alikuwa ni fundi, ameacha baraza lake na darizi yake, amesimama mlangoni kwetu na mkasi bado uko mkononi. Sikumbuki kama aliwahi kuvuka njia kuja kwetu ila kwa msiba au Idi. Akamwomba mume wangu apige wimbo mzima. Mume wangu akamweleza kuwa nyuzi mpya hunyumbuka, hazitulii siku ya kwanza, akipiga wimbo mzima zitakuwa zimehama kabla hajafika nusu.

"Kesho kutwa," akamwambia. "Zikitulia nitakupigia mpaka uchoke."

"Haya, yakhe," fundi akasema. "Nimekungoja miezi yote hii. Kesho kutwa si kitu."

Alfajiri ya pili yake tuliamshwa na kilio cha mkewe. Fundi alikuwa ameamka kwa ajili ya sala, akaketi kitandani kuvaa kanzu, hakusimama tena.

Mtu wa mji wetu hahitaji kuambiwa la kufanya. Njia yote ilitandikwa mikeka, wanaume wakakaa nje, sisi wanawake tukawa ndani na mjane, sufuria zikahamishwa kutoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Gitaa lilipelekwa chumba cha ndani kabisa likafunikwa shuka la mwalimu. Hata redio tuliisikiliza kwa kuitegea sikio. Jirani yako akifiwa, kwako hakutoki ngoma wala kinanda wala kicheko kikubwa. Nimekulia hivyo, na mtu akiniuliza leo nitasema ni adabu nzuri.

Arobaini ikasomwa, ikapita. Wengi hapo husema basi, maisha yaendelee. Nikamwambia mume wangu atoe gitaa lake. Akasema hapana, mjane bado yumo ndani, amekalia eda, na kati ya ukuta wake na wetu ni mkono mmoja tu. Mumewe alikufa kabla ya kusikia kile alichokingoja. Sasa yeye ampigie mjane gitaa masikioni? Nikajua pia lililo chini ya maneno hayo, ingawa hakulisema. Yeye ni mtu wa Majengo aliyekuja kukaa ukweni Mji wa Kale, na miaka yote hii bado ajiona yuko mgeni anayepimwa adabu. Nimemwambia mara nyingi kwamba waliokuwa wakimpima wote wako makaburini. Haisaidii.

Nikamwambia basi niende nimuulize mwenyewe mjane. Hapo akanijibu:

"Ukimuuliza atasema nini? Atasema pigeni. Ataweza kusema jingine?"

Ni kweli. Kwetu sisi, mtu wa haya ukimuuliza kama unamuudhi atakwambia huniudhi. Kwa hiyo humuulizi, unajizuia tu. Nami nilikwenda kwa mjane kila siku, nikampelekea uji, nikamchana nywele, tukazungumza bei ya unga na magoti na wajukuu zake, na neno la gitaa halikupita mdomoni mwangu hata mara moja. Wala mdomoni mwake.

Usidhani mume wangu alikaa bure. Mwanzoni aliweka taulo chini ya nyuzi ili zisilie, akawa anapitisha vidole juu yake chumbani, kimya, nusu saa, saa nzima. Nilikuwa nikimwona kupitia mlango uliorudishwa. Lakini kwa mtu aliyesubiri sauti maisha yake yote, kupiga bila sauti ni sawa na kutafuna bila chakula, akapunguza. Nikamwambia alipeleke Majengo kwa dada yake akapige huko. Akaniuliza atatokaje nalo, apite nalo mbele ya mlango wa mjane? Nikasema lifunike shuka. Akasema hilo ukubwa wake ukilifunika shuka ukalipitisha mlango wa mfiwa, watasema unapitisha maiti. Tulicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikwenda nalo siku moja tu, asubuhi mapema. Alirudi kabla ya adhuhuri, akasema kwa dada yake kuna televisheni tatu.

Kisha Ramadhani ikaingia, na Ramadhani hata bila msiba yeye hagusi gitaa. Kwenye futari ndipo nilipoona. Alikuwa akipokea kikombe kwa mkono wa kulia, akishika tende kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameulaza mapajani chini ya meza. Nikamwomba anipe. Akanipa bila kubisha. Vidole viwili vilikuwa vimefunga kuelekea kiganjani na kile cha kati kilikuwa kimeanza safari hiyo hiyo. Nikavipaka mafuta ya moto, nikavikanda mpaka tarawehe, na kila usiku baada ya hapo. Daktari tulimrudia. Alimuuliza kama alikuwa akipiga gitaa kila siku kama alivyomwambia. Mume wangu akatazama sakafu, akasema palikuwa na msiba jirani. Daktari ni mtu wa bara, alitutazama kama hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumwelewesha.

Idi ikapita. Baadaye mjane akatoka edani, akaoga, akavaa, na kama ilivyo desturi akaanza kuzunguka nyumba za majirani kutoa shukrani. Kwetu alikuja alasiri. Nilimwekea kahawa na kaimati, tukaulizana hali kana kwamba hatukuonana jana yake. Mume wangu alimwamkia akampa pole tena, akaingia chumbani kutuacha wanawake.

Mjane alipokea kikombe chake. Akaniuliza, taratibu sana, kama gitaa la shemegi tuliliuza.

Nikamwambia hapana, lipo. Tulilinyamazisha kwa heshima yake, kwa ajili ya eda.

Akaweka kikombe chini. Alisema jioni ile kabla ya mumewe kufa, alikuja ndani amefurahi, akamwambia kesho kutwa alasiri afungue dirisha la njiani, maana yule bwana ana nyuzi nene na atapiga wimbo mzima. Akasema alipokuwa edani, baada ya arobaini, akawa analifungua lile dirisha kidogo kila alasiri. Alitaka kuusikia wimbo huo kwa niaba ya mumewe.

"Na kila nikifungua langu," akasema, "nakusikia wewe wafunga lako."

Ni kweli nilikuwa nikifunga. Nikisikia komeo la dirisha lake likivutwa nilikuwa nikinyanyuka mbio, nikisema mjane ataka hewa, asije akasikia redio yetu.

Nikamuuliza mbona hakuniambia, na mimi nilikuwa kwake kila siku. Niliuliza kwa sauti ya ugomvi, najua, lakini ugomvi haukuwa naye. Akaniambia angesemaje. Mjane yuko edani, aseme nipigieni kinanda? Watu wangesema nini? Na mimi mwenyewe, akaniuliza, ningesema nini nikitoka pale? Nikafikiri, na nikaona kwamba kweli, miezi ile, lau angeniambia hivyo, ningerudi nyumbani nikamwambia mume wangu maskini yule bibi msiba umempanda kichwani.

Mume wangu alisikia yote, mlango wa chumba haukuwa umefungwa. Akatoka na gitaa. Hakuomba radhi, hakueleza, aliketi kwenye kiti cha baba yangu akaliweka pajani, akanyanyua mkono wa kushoto akauleta shingoni. Kidole cha shahada kilikwenda mahali pake. Kile cha kati kikafika nusu. Vile viwili vilibaki vimejikunja, akavisukuma kwa dole gumba, vikarudi. Akajaribu tena. Nyuzi zilitoa mkwaruzo, siyo sauti. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya kofia. Nilitaka kumwambia aache lakini niliogopa kumwambia mbele ya mgeni.

Akauondoa mkono wa kushoto kabisa. Akapiga kwa wa kulia peke yake, nyuzi wazi, zote, mara moja kama siku ile ya kwanza. Zilikuwa zimeshuka, hazikupatana, lakini za chini bado zilinguruma. Akaziacha zilie mpaka zikaisha.

Mjane alikuwa amefumba macho. Kisha akaitengeneza leso yake begani, akasema kwa ile sauti yake ya haya:

"Ahsante, shemegi. Ni wimbo mzuri."

Hakuwa amepigiwa wimbo, na alijua, na sisi tulijua kuwa anajua. Nilimsindikiza mpaka mlangoni kwake, hatua chache tu. Nikaona dirisha lake lile la njiani liko wazi.

Niliporudi, mume wangu alikuwa bado ameketi pale pale na gitaa mapajani.

"Zilegeze," akaniambia.

Kwa fundi wa vyombo kama baba yangu, chombo kitakachopigwa kesho hakilegezwi nyuzi, hulazwa nazo zimekazwa. Kinacholegezwa ni kile kinachowekwa kisipigwe tena, ili tumbo lisipinde kwa kuvutwa bure. Nilimwambia tungoje, twende tena kwa daktari, nitamkanda kila siku, mpwa wangu atatafuta dawa huko aliko. Nilisema maneno mengi sana. Aliniacha nimalize yote, kisha akanigeuzia kichwa cha gitaa upande wangu ili funguo zinifikie.

Nikapiga magoti mbele yake nikaanza kuzilegeza, mnene na mwenziwe mwembamba, moja baada ya moja, na kila mmoja ulipokuwa ukishuka yeye aliuinamia kuusikiliza.